Kabla ya Bayi Kulikuwa na Nani?

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kando ya Ziwa Victoria. Siku hiyo niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu wanitajie wanariadha wa zamani. Mikono ikainuka: Filbert Bayi, Akhwari, Suleiman Nyambui, ambaye huku ni mtoto wa nyumbani, wa Majita. Nikauliza, na kabla ya uhuru? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, enzi hizo wazee walikuwa wanavua tu, michezo walikuwa hawaijui." Darasa likacheka. Na mimi nikacheka nao, nikaendelea na somo.

Usiku nilijiuliza: kwani jibu sahihi lilikuwa lipi? Nilikuwa silijui. Wenzangu tunaosomea ualimu, hili ndilo somo ambalo ningepaswa kulifundisha siku ile.

Tuanzie Marekani. Kwa zaidi ya miaka 50 timu kubwa za besiboli zilikataa wachezaji weusi. Sheria ya maandishi haikuwepo. Wenye timu walielewana tu. Mwaka 1920, Rube Foster na wenzake wakaanzisha ligi ya weusi mjini Kansas City. Wachezaji walisafiri usiku kucha kwa basi, na mara nyingi walilala humo humo kwa sababu hoteli za Wazungu ziliwafungia milango. Josh Gibson, mpigaji hatari kuliko wote, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, Jackie Robinson akaingia uwanjani na timu ya Brooklyn, na ukuta ukaanza kubomoka.

Huku kwetu ukuta ulikuwepo pia. Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, hadi mfumo mmoja ulipoanza mwaka 1962. Michezo nayo ilifuata rangi. Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu miaka ya 1920 Waafrika na Waarabu walikuwa na chama chao cha michezo peke yao, chini ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Hapo tunatofautiana na Marekani: kule weusi walijianzishia ligi, huku hata chama cha Waafrika kilikuwa mkononi mwa mtawala. Chama kimoja cha riadha cha watu wa rangi zote kiliundwa Kenya mwaka 1951.

Ndipo akatokea Nyandika Maiyoro wa Kisii. Si mbali: ukipanda basi hapa Mwanza, ukapita Musoma na kuvuka mpaka Sirari, unaifuata Kisii. Julai 1954, Wakenya wakiwa safarini kwenda Vancouver kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, walishindana kwanza London, uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony alikimbia maili 6 akiwa peku. Alikuwa anaongeza kasi ghafla, anapunguza, anaongeza tena, hadi alipoumia na kutoka. Wengi wakaona Mwafrika ana mbio lakini hana akili ya mbio.

Kesho yake Maiyoro alikimbia maili 3. Alichomoka mapema, akawaacha Waingereza nyuma. Walimfikia na kumpita, ndiyo, na siku hiyo Fred Green na Chris Chataway waliivuka rekodi ya dunia. Akawa wa tatu. Vancouver akawa wa nne, na kwenye Olimpiki ya Roma 1960 akawa wa sita katika mita 5,000. Hakuwahi kupata medali ya Olimpiki, ndiyo maana hatumsikii.

Mwezi Mei 2024, Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani iliingiza takwimu za ligi za weusi kwenye rekodi zake rasmi. Gibson, marehemu wa miaka 77, akashika nafasi ya kwanza kwa wastani wa kupiga mpira: .372. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliopekua magazeti ya zamani, mechi moja baada ya nyingine. Sisi nani atapekua?

Wiki iliyofuata niliandika majina mawili ubaoni, Maiyoro na Chepkwony, nikamwomba radhi yule kijana kwa kucheka badala ya kumjibu. Akauliza, "Sasa Mwalimu, mbona kitabuni hawamo?" Nikamwambia hawamo kwa sababu hatujawaandika. Nikawapa kazi: nendeni mkawaulize wazee nyumbani, mwandike jina, mchezo na mwaka.

Daftari lake ninalikumbuka hadi leo. Aliandika: "Babu alikuwa mvuvi kweli. Jumamosi alikuwa anacheza beki."