Kutoka Magwagwa Hadi Lamu: Panga Safari kwa Maji

Kikundi cha akina mama wakulima wa chai kutoka Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, kinaweka akiba ya matembezi. Maswali yao nimeyapokea kwa furaha, kwa sababu ni wachache wanaoniuliza kuhusu safari kabla hawajalipa nauli.

Mwalimu, tuliona Venice kwenye runinga tukapendezwa na ule mji wa Italia ulio juu ya maji. Watu wa kipato chetu tunaweza kufika?

Kufika mnaweza, ila hesabuni kwanza. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza hairudishwi. Bado tiketi ya ndege, bima na malazi. Tena tangu 2024, kuna siku maalum ambazo mgeni anayeingia Venice na kutoka siku hiyo hiyo hulipa ada ya kuingia mjini, kuanzia euro 5.

Kama mnachotamani ni mji wa kale usio na msongamano wa magari, ambao watu na mizigo hufika kwa vyombo vya majini, huo upo hapa hapa Kenya. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, miaka 14 baada ya Venice. Nisiwadanganye: Lamu haina mifereji inayopita katikati ya nyumba. Maji yako mbele ya mji, na mikondo inayopenya kwenye mikoko iko ng'ambo, kisiwani Manda. Lakini ukishakaa huko usiku mbili tatu, unaelewa kwamba mji mzima unaendeshwa na bahari.

Tuondoke lini? Bonasi ya chai huja Oktoba.

Bonasi ikija, itengeni lakini msiondoke mara moja. Oktoba na Novemba kuna mvua za vuli. Ningewashauri Januari. Upepo ni wa kaskazi, bahari ya nje imetulia, na kwenu majani ya chai huwa machache kwa sababu ya kiangazi, kwa hiyo shamba halitalia sana mkiliacha kwa wiki moja. Najua Januari ina karo, na ndiyo maana nasema pesa za safari zitengwe Oktoba, kabla hazijachanganyika na za shule.

Epukeni Aprili na Mei, masika hunyesha kweli. Tazameni pia kalenda ya Kiislamu. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari. Mji haufungwi, ila mchana hoteli nyingi za chakula hufunga, na mgeni anapaswa kuheshimu funga ya wenyeji. Wanaotaka shamrashamra na wasafiri wakati wa Maulidi, katika Mfungo Sita, ambapo Msikiti wa Riyadha hupokea wageni kutoka pwani yote na hata nje ya nchi. Wakati huo vyumba huwekwa mapema sana.

Njia ni ipi?

Pandeni gari hadi Nyamira au Kisii, kisha basi la Nairobi. Lala Nairobi. Kesho yake kuna treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, mwendo wa saa tano au sita hivi. Lala tena. Asubuhi basi la Lamu hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, zaidi ya kilomita 300. Mokowe ndio mwisho wa barabara. Hapo mnapanda motaboti hadi gati ya Lamu.

Barabara hiyo imewahi kuwa na mashambulizi, na mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Kabla ya kukata tiketi, ulizeni hali ilivyo wiki hiyo, na msisafiri usiku. Mwenye uwezo apande ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, ashuke uwanja wa Manda, halafu avuke mlango wa bahari mdogo tu kwa mashua. Kwa kikundi, labda mwende kwa barabara mrudi kwa ndege, kama akiba itaruhusu.

Tukifika tuone nini? Tutakuwa na siku tatu.

Ngome mtaiona hata msipoitafuta. Iko kwenye uwanja mkuu. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya vita vilivyopiganwa Shela, kijiji cha kisiwa hicho hicho, ikatumika kama jela mpaka miaka ya 1980, sasa ni makumbusho. Makumbusho ya Lamu yenyewe iko ufukweni, na humo tafuteni siwa, zile baragumu kubwa za shaba na za pembe za ndovu zilizopulizwa kwenye sherehe za watawala. Bebeni vitambulisho, maana Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje.

Lakini mkiniambia nichague kitu kimoja ndani ya mji, nitachagua nyumba. Ingieni Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili, msimame katika msana, yaani ukumbi wa nyumba, mtazame juu. Dari limeshikwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Boriti haina urefu wa kuvusha zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kikawa chembamba na kirefu, kila nyumba. Msitu wa mikoko ndio uliopima vyumba vya Lamu! Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mchana ndani kuna ubaridi. Ukutani kuna zidaka, safu za vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa vya kuwekea vyombo vya thamani. Nje, mlangoni, kuna daka lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mgeni hukaa na kuzungumza bila kuingia kwa wenyewe.

Vichochoro ni vyembamba. Mkisikia "simile!" nyuma yenu, jibanzeni ukutani, punda mwenye mawe ya ujenzi hana breki.

Na safari ya mashua?

Hapa ndipo wageni wengi kutoka bara hukosea, na ndipo nawaomba mnisikilize. Sisi tumezoea kupanga kwa saa ya basi. Lamu unapanga kwa mwezi.

Chukueni mfano wa Takwa, magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, kisiwani Manda. Msikiti wake una nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla. Njia ni mkondo unaopenya kwenye mikoko, na maji yakipwa unabaki tope. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga au mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi alasiri na huwa imekauka kabisa asubuhi ya saa nne. Ukikodi mashua siku hiyo saa tatu asubuhi, utavuta miguu matopeni. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku nne au tano kabla ya mwezi kuandama au kupevuka, hujaa karibu na adhuhuri. Siku hizo ndizo zenu: mnaingia na maji, mnatembea gofuni, mnatoka kabla hayajaisha.

Basi tazameni mwezi kwanza, chagueni tarehe, kisha ndipo mkate tiketi ya treni. Mkifika, mwulizeni nahodha: "Maji yanajaa saa ngapi kesho?" Nahodha mzuri hujibu bila kuangalia simu. Bei ya kukodi ni ya chombo kizima, hivyo kikundi mnafaidika. Patana kabla ya kupanda, hakikisha maboya ya kujiokolea yapo ya kila mtu, na uliza kama chakula kimo.

Tuvae vipi, tule nini?

Leso zenu zinatosha. Funikeni mabega na magoti mjini, na msimpige mtu picha bila idhini. Kuleni mahamri kwa mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki mchana. Ugali upo pia. Mnatoka kwenye baridi, kwa hiyo kunyweni maji mengi na mlale ndani ya chandarua.

Mama yetu mmoja ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Aje?

Aje. Mwombeeni chumba cha chini, kwa sababu ngazi za nyumba za Lamu ni kali na hazina mahali pa kushika. Mjini apande punda aliyeongozwa, si lazima atembee. Shida ni gatini: maji yakipwa, vidato vya chini hubaki wazi, vimejaa mwani na vinateleza. Mpandisheni chomboni maji yakiwa juu, ukingo wa mashua unapokaribia sakafu ya gati, naye atavuka kwa hatua moja akiwa ameshikwa mkono na baharia.