Kupanda Kibo, na Kujua Saa ya Kushuka

Kila mwaka wageni kwa maelfu mengi huja kutoka nchi za mbali ili kupanda mlima wa Kilimanjaro. Pamoja nao hupanda vijana wetu, na hesabu yao huzidi ya wageni, maana mgeni mmoja hufuatwa na wapagazi kadhaa, tena kuna mpishi na kiongozi. Nyumba nyingi za Marangu, Machame na Rombo hupata karo ya shule na bati za paa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tujifunze habari za safari ya Kibo. Hasa twataka kueleza maradhi yanayompata mtu kwa sababu ya urefu wa mlima, kwa kuwa huua watu ambao wangaliweza kupona kwa dawa isiyouzwa dukani, nayo ni kushuka.

Kwanza tuwakumbuke wasomaji walio mbali, ambao hawajauona mlima wenyewe. Kilimanjaro una vilele vitatu. Shira ni cha magharibi, nacho kimebomoka zamani sana. Mawenzi ni cha mashariki, chenye meno meno, nacho chafika meta 5149. Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, akaenda mara kwa mara kuomba makaa kwa Kibo, hata Kibo akachoka akampiga kwa mchi, na alama za mapigo ndizo yale meno. Kibo chenyewe ni cha katikati, ndicho kirefu kuliko vyote vya Afrika, meta 5895, na ncha yake tangu mwaka 1961 yaitwa Uhuru. Vyote vitatu ni milima ya moto. Kibo hakijatoa moto tangu kabla ya kumbukumbu yo yote ya wanadamu, ila ndani ya shimo lake mvuke wenye harufu ya kiberiti ungali ukitoka.

Mmisionari Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Ujerumani, aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake kile cheupe ni kitu gani, yule alijibu kwa neno moja tu: baridi. Habari hiyo ilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa London, Cooley, aliikataa kabisa, akisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Naye hakupata kukanyaga nchi hii hata siku moja. Lakini watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kuijua baridi ile kwa hasara. Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakakitazame kile cheupe. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Twadhani hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya watu waliopanda Kibo, nayo ni habari ya vifo.

Miaka ilipita. Von der Decken na Kersten walijaribu mwaka 1862, wakafika kadiri ya meta 4200 wakarudi. Ndipo akaja Hans Meyer wa Leipzig, ambaye mwaka 1887 alizuiwa na ukuta wa barafu, na mwaka 1888 hakuufikia mlima, maana alikamatwa katika vita vya Abushiri, akakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mtu wa Austria aliyezoea milima. Huko Marangu Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa mpaka leo kuwa ndiye kijana aliyewaonyesha njia.

Tuitazame safari hiyo kwa makini kidogo, maana watu husimulia mwisho wake tu. Meyer alikuwa amejifunza kwa kushindwa kwake. Safari hii hakukimbilia juu. Aliweka kambi kwa daraja, na wapagazi wakaleta chakula kutoka chini siku baada ya siku, naye Mwini Amani wa Pangani akakaa nao katika kambi ya juu kwa muda wa siku nyingi, mtu wa pwani katika baridi ya namna ile! Tarehe 3 Oktoba wazungu wale wawili waliondoka usiku, wakakata ngazi katika barafu kwa shoka, pigo kwa pigo, na baada ya adhuhuri wakafika ukingoni mwa shimo la Kibo. Hapo waliona ncha ya juu kabisa kwa macho yao, mwendo wa saa moja u nusu au saa mbili tu. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakageuka wakashuka. Wakapumzika, kisha wakalala pangoni mahali palipo karibu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakapanda tena kwa zile zile ngazi walizozikata, wakafika kileleni asubuhi yapata saa nne u nusu. Kama siku ile ya kwanza wangaliona haya kurudi, yamkini jina la Meyer lingalisomwa leo pamoja na wale watu wa Rengua.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba huko juu hewa ni ya namna nyingine. Sivyo. Oksijeni ni sehemu ile ile, kadiri ya 21 katika mia, pwani na kileleni sawasawa. Lakini hewa ya chini hushindiliwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, kama majani yaliyo chini ya mtumba. Kadiri mtu apandavyo, mgandamizo hupungua, na hewa hutawanyika. Katika kilele cha Kibo mgandamizo ni kama nusu ya ule wa pwani. Basi mtu akivuta pumzi moja, apata karibu nusu tu ya riziki yake.

Mwili hauko tayari kwa upungufu huo, lakini huweza kujifunza. Mtu huanza kuhema upesi zaidi, moyo hupiga mbio, figo hubadili kazi yake, na baada ya siku nyingi damu huongeza chembe nyekundu zinazochukua oksijeni. Kujifunza huko hutaka siku, wala hakuna nguvu za misuli zinazoweza kukuharakisha. Hili ndilo lisilosadikika kwa vijana. Mwenye kifua kipana na miguu ya chuma huugua kama mwingine, tena mara nyingi huugua kuliko mwingine, kwa sababu hupanda kwa haraka akawahi mahali ambapo mwili wake haujafika. Wala kuzaliwa Uchagani hakumlindi mtu. Kijana akaaye Moshi mjini, mahali pasipofika meta 1000, mwili wake umezoea Moshi mjini.

Waganga wa milima wameweka kanuni: ukiisha kupita meta 3000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa meta 500, na kila siku tatu au nne pawe na siku moja ya kupumzika. Sasa tuipime njia ya Marangu kwa kanuni hiyo. Kituo cha Mandara ki kadiri ya meta 2700, cha Horombo 3700, cha Kibo 4700. Msomaji mwenye hesabu ameona tayari: kila usiku ni meta elfu! Njia hii huitwa nyepesi kwa kuwa ina vyumba vya kulala na mteremko wake ni wa taratibu, lakini kwa mapafu si nyepesi hata kidogo. Anayeipanda kwa siku tano anaivunja kanuni kabisa. Afadhali alale Horombo siku mbili, na siku ya katikati atembee juu mpaka karibu na Mawenzi, kisha arudi kulala pale pale. Wale wapitao Machame hufanya vivyo hivyo wapandapo mpaka mnara wa mawe ulio kadiri ya meta 4600, na jioni hushuka kulala Barranco, chini ya meta 4000. Viongozi husema, panda juu, lala chini. Na kila mgeni hurudi kwao akiwa amejifunza angalau maneno mawili ya Kiswahili, yaani pole pole, kwa kuwa ameambiwa mara mia.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, na usingizi wa kukatika. Mtu mwenye dalili hizo asipande zaidi. Akae pale pale, anywe maji, asiguse pombe wala dawa za usingizi. Akipata nafuu, aendelee. Dawa ya kichwa huondoa maumivu, haiongezi pumzi. Iko dawa iitwayo asetazolamaidi inayousaidia mwili kuzoea, na mtu anayetaka kuitumia amwone mganga kabla ya safari.

Lakini ziko hatari mbili zilizo kubwa kupita hizo. Ya kwanza ni maji kuingia mapafuni. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hugeuka rangi, na mwisho hutoa povu lenye damu. Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyo na mpango, au hukaa kimya asitake kuamka. Kumjaribu ni rahisi: chora mstari mchangani, mwambie atembee juu yake akigusisha kisigino kwenye vidole vya mguu wa pili. Asipoweza, shauri limekwisha. Ashushwe saa ile ile, kama ni usiku, usiku. Kama ni mvua, katika mvua. Wala asiachwe ashuke peke yake. Chupa ya oksijeni ikiwapo atumie njiani. Kusubiri mapambazuko kumewaua wengi.

Kila mtu akijua hayo, mbona watu bado hufa? Kwa maoni yetu, sababu iko zaidi katika fedha na haya kuliko katika ujinga. Mgeni amelipa fedha nyingi, pengine ameweka akiba miaka mingi, naye huficha maumivu asije akarudishwa. Kiongozi hutazamia bakshishi, huogopa kumkasirisha. Naye mpagazi, ambaye ndiye tunayemhangaikia zaidi, huficha kwa sababu akishushwa siku ya pili hajui kama atalipwa siku zilizobaki, wala kama ataitwa tena. Kichwa chamwuma, yeye husema ni jua. Amekohoa usiku kucha, husema ni vumbi. Tena hana nguo za kutosha, amelala kwa kubanana, amekula mara moja. Sheria yasema mzigo wake usizidi kilo 20, na mizani iko langoni. Lakini kanuni za mlima hazina mizani ya kupima kichwa kinachouma. Twawaomba wazazi wamwulize kijana wao kabla hajaondoka: je, ukiugua, nani atakushusha, na mshahara wako utakuwaje? Na kijana amwulize kiongozi wake swali lilo hilo mbele ya wenzake, kabla ya kupanda.

Usiku wa mwisho huanza Kibo yapata saa sita. Watu huondoka gizani kwa kuwa changarawe imeshikwa na baridi, haitelezi sana kama mchana. Baada ya saa tano au sita za kupanda kwa hatua fupi fupi, hufika ukingoni mahali paitwapo Gillman, meta 5681, mara nyingi jua likichomoza nyuma ya Mawenzi. Huko chini ya ukingo mna shimo lenye jina la Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyepanda Kibo mara nyingi sana. Yeye ndiye aliyemkuta mwaka 1926, karibu na ukingo huo, chui aliyekauka kwa baridi. Mnyama hana kiongozi wa kumwambia, Shuka. Barafu yenyewe waliyoikata Meyer na mwenzake haipo tena mahali pake. Katika ile iliyokuwako mwaka 1912, sehemu 85 katika mia zilikuwa zimekwisha yeyuka ilipofika mwaka 2007.

Kutoka Gillman mpaka ncha ya Uhuru ni mwendo wa saa moja u nusu au mbili, mwendo ule ule ambao Meyer aliuacha siku ya kwanza. Wengi huamua vibaya hapa, kwa kuwa mwisho waonekana. Kiongozi mwenye akili huwatazama watu wake mmoja mmoja ukingoni, wapagazi waliopanda nao pia, huwauliza majina yao na siku ya leo, na kumwambia kila mmoja atembee hatua kumi mbele yake. Aliyejibu sawasawa na kutembea sawasawa aendelee. Aliyesitasita ashuke na msaidizi mara moja, asipumzike hapo juu. Afikapo Horombo, kadiri ya meta 2000 chini ya ukingo, mara nyingi kichwa huwa kimepona kabla ya jioni, naye huomba chai. Lakini aliyetoa povu au aliyeyumba asilale Horombo akidhani amepona; ashushwe mpaka langoni, apelekwe hospitali ya Moshi siku hiyo hiyo, na jamaa zake wapewe habari.