SOMO: Kuongoza Wageni Kunataka Macho, Daftari na Maji

Tukitaja utalii wengi wetu huwaza Maasai Mara au bahari ya Mombasa. Hapa Ukambani, watu husema, tuna mawe na kiangazi tu. Basi leo twende safari fupi hadi kaskazini mwa Kenya, ambako kiangazi ni kikali kuliko chetu, halafu turudi nyumbani.

Ukipita Isiolo ufuate lami ya Moyale utafika Marsabit, mlima wenye msitu na ukungu katikati ya nchi kavu. Huko aliishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi rasmi mwaka 1970. Alikufa 1974, lakini mpaka leo hadithi yake ndiyo humfanya mgeni autazame ule msitu kwa jicho lingine. Endelea magharibi, upite jangwa la Chalbi, na utaliona Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote ya jangwani duniani. Mbuga zake ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, na mwaka 2018 zikatiwa kati ya zile zilizo hatarini. Upepo wa upande wa Loiyangalani si mchezo: mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimamishwa huko.

Sasa sikilizeni hili. Mmoja wa watu waliolifanya ziwa hilo lijulikane ulimwenguni ni mtu wetu, mzaliwa wa Makueni. Kamoya Kimeu hakusoma sana darasani. Mwaka 1960 alianza kazi ya kuchimbua mifupa ya kale pamoja na familia ya Leakey huko Olduvai, Tanzania. Mwaka 1984, pale Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, wenzake walikuwa wanapumzika. Yeye akatoka kutembea. Katikati ya vijiwe vyeusi aliona kipande kidogo cha mfupa wa kichwa, rangi yake karibu sawa na ya vijiwe. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kamoya alifariki mwaka 2022.

Ni wangapi walikuwa wamepita pale na mifugo? Jicho lililozoea kutazama ndilo mtaji wa kwanza wa mwongoza wageni, na hilo halikopwi benki.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili. Kikundi kitembee njia moja, ile mtakayompitisha mgeni, na daftari mkononi. Andikeni kila mti, jina lake na kazi yake. (Mbuyu kwa Kikamba ni mwamba, na kwa Kiswahili mwamba ni jiwe kubwa. Msipoeleza hayo mapema, mgeni wa pwani atatafuta jiwe mpaka jioni!) Waulizeni wazee mlima uliitwaje na kwa nini. Wanaokaa karibu na Jiwe la Nzambani, pale Kitui, wanajua linavyosemwa: ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Isimulie kama hadithi ya wazee, mgeni acheke, halafu mpandishe ngazi za chuma aone nchi. Makueni kuna kilima cha Nzaui, na chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi. Huko Mwingi tunapakana na Kora, alikozikwa George Adamson, mzee wa simba aliyeuawa mwaka 1989.

Tukija kwa pesa, hapo ndipo vikundi huvunjika, tusifichane. Kule Il Ngwesi, kaskazini mwa Mlima Kenya, Wamaasai walifungua nyumba ya wageni mwaka 1996 kwenye ardhi yao ya pamoja. Mapato husaidia karo, afya na maji ya jamii, na mwaka 2002 walipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ni ya wote, kwa hiyo hakuna mtu mmoja aliyeweza kusema mgeni ni wake. Kwetu, kijana akimwongoza mgeni akatia shilingi mfukoni kimya kimya, kina mama waliopika muthokoi watajua kabla ya jua kutua. Tuseme wageni 10 wamelipa shilingi 300 kila mmoja. Hizo ni 3,000. Mnaweza kumpa mwongozaji 1,000, wapishi 1,000, akiba 1,000. Mkipenda mgawanyo mwingine ni sawa, mradi uandikwe kabla mgeni hajafika, na risiti itolewe mbele ya watu.

Msisahau sheria. Kikundi kiandikishwe chini ya Sheria ya Vikundi vya Jamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Leseni za waongozaji ni za Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ulizeni mapema. Na shamba la watu lisipitwe bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama ni la binamu yako.

Mwisho, maji. Agosti shule zikifungwa ndipo wageni huja, njia ni kavu na palizi hakuna. Lakini ndio wakati mama anachimba mchanga wa mto apate mtungi mmoja. Mgeni atakunywa, ataoga. Desemba maji yapo, ila miamba inateleza na mikono yote iko shambani.

Ya kujadili mkikutana: Ni mwezi gani kijiji chetu kinaweza kupokea wageni bila kumnyima mtu maji? Ni nani atakayeyachota, na atalipwa ngapi? Mgeni akivunjika mguu kule juu, atateremshwa na nani, na hospitali iliyo karibu ni umbali gani? Katibu aandike majibu, na majina yatajwe.