Umedahiliwa Vyuo Viwili Kusomea Uhasibu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakitoka, wapo vijana wanaojikuta na nafasi mbili mkononi: labda Mzumbe na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, labda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ni nafasi ya dhahabu, na wengi wanaiharibu ndani ya siku chache kwa kuamua kwa jina, jiji na marafiki. Baada ya miaka mitatu tunawapokea maofisini wana cheti, kazi hawaijui. Inauma, kwa sababu yote hayo yangeepukika.

FANYA: Anza na CPA, chuo kifuate

Shahada peke yake haikufanyi mhasibu. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: Afisa Hesabu anatakiwa awe na shahada, Mhasibu anatakiwa awe na shahada na CPA(T). CPA ni cheti cha taaluma ya uhasibu; inatolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chuo ni hili: shahada hii itaniingiza NBAA kwa ngazi ipi? Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati. Mwenye shahada ya fani nyingine huanzia ngazi ya msingi, na kila ngazi ina ada yake na usiku wake wa kukesha.

Jibu usilitafute kwenye ofisi ya udahili. Kazi ya ofisi hiyo ni kujaza darasa. Waulize NBAA wenyewe, ukiwa na jina kamili la shahada kama lilivyoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU.

Kisha soma mtaala. Mzumbe wana shahada ya uhasibu na fedha ya sekta ya umma, na nyingine ya sekta ya biashara. Anayeitaka halmashauri na anayeitaka kampuni ya ukaguzi wasijaze kozi moja kwa kubahatisha.

USIFANYE: Usiridhike na neno "uhasibu" kwenye tangazo

Usimamizi wa biashara wenye masomo kadhaa ya uhasibu ndani yake si shahada ya uhasibu. Kijana mmoja aliona neno hilo kwenye kipeperushi, akaridhika. Alipokwenda kujisajili Bodi akaelekezwa aanzie ngazi ya msingi. Wenzake aliomaliza nao kidato cha sita walikuwa tayari wanajiandaa na ngazi ya mwisho. Simu moja ingemwokoa.

FANYA: Piga hesabu ya miaka mitatu

Chukua karatasi. Andika ada, malazi, chakula, nauli, bima ya afya, gharama za mafunzo kwa vitendo. Zidisha kwa miaka yote, kwa kila chuo. Usiishie kwenye ada ya muhula wa kwanza.

Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB uweke kwenye hesabu kama ulivyo. Unaweza kupewa sehemu tu ya ada. Iliyobaki ni yako. Boom, yaani posho ya shilingi 10,000 kwa siku, ndiyo ya kula na kulala. Ukipanga chumba mtaani Dar es Salaam, kodi na daladala vitaitafuna kabla mwezi haujaisha. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Anayetaka kutunza hesabu za watu aanze na hizi zake.

USIFANYE: Usichague ada inayosimama juu ya ahadi ya mtu

"Mjomba atasaidia" siyo chanzo cha mapato. Binti mmoja alichagua chuo cha ada kubwa kwa ahadi ya namna hiyo. Mwaka wa kwanza ikalipwa yote, wa pili nusu. Mwaka wa tatu alizuiliwa kwenye mlango wa chumba cha mtihani, kalamu na kikokotoo mkononi, kwa sababu ya deni. Chuo cha pili, alichokikataa, kilikuwa ndani ya uwezo wa mama yake. Nanyi wazazi na wajomba: kama huna uhakika, usiahidi.

FANYA: Uliza nani anafundisha na fildi wanapelekwa wapi

Uliza wahadhiri wangapi wa uhasibu wana CPA. Uliza kama chuo kinakutafutia nafasi ya mafunzo kwa vitendo au kinakupa barua tu na kukuacha uzunguke na jua. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa kwanza bado anashangaa majengo. Mwombe akuonyeshe hesabu alizofunga mwenyewe kwenye kompyuta.

Nimempokea ofisini kijana wa mwaka wa tatu mwenye matokeo mazuri. Nikampa daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, alinganishe. Akatazama jumla mbili za chini, akaona hazifanani, akaanza kutafuta tarakimu ya kusahihisha ili zifanane. Makato ya benki hakuyaona. Hundi zilizotolewa lakini hazijawasilishwa benki hakujua azifanyie nini. Hakuwa mjinga. Alifundishwa ubaoni kwa miaka yote mitatu na hakuwahi kuwekewa nyaraka halisi mezani. Chuo kinachofundisha hivyo kikimbie, hata kama kina jina.

USIFANYE: Usichague jengo, jiji wala kundi la marafiki

Marafiki watahamia kozi nyingine. Jengo halifanyi mtihani wa Bodi.

Wala usiidharau taasisi kwa kuwa haina neno "chuo kikuu" kwenye jina. IFM ipo tangu 1972. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, jina lake lenyewe linakwambia inafundisha nini.

FANYA: Hakiki hadhi ya chuo, kisha thibitisha

Angalia TCU, au NACTVET inayosimamia elimu ya ufundi, wewe mwenyewe, mwaka huu huu. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kabla ya hapo wapo waliokuwa wakivisifia. Hadhi ya mwaka jana si ushahidi.

Ukishaamua, ingiza namba ya uthibitisho uliyotumiwa kwenye simu, kwa chuo kimoja, wewe mwenyewe. Usimwachie mtu wa steshenari akubonyezee. Na usisubiri siku ya mwisho, mtandao unapoelemewa. Asiyethibitisha ndani ya muda anapoteza nafasi zote mbili, na dirisha linalofuata anagombea kozi zilizobaki.