Mgeni Aliye Mlangoni

Somo la kusoma: Mwanzo 18:1–8, Yakobo 2:14–17, Waebrania 13:1–3

Ndugu wapendwa, wazee wetu wametuachia mithali ijulikanayo hata na watoto: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii twaipenda, maana hututoa katika shida. Mtu akikaa mno nyumbani mwetu, twaitaja kwa kicheko, naye hufahamu ya kuwa imempasa kwenda zake. Lakini je, hiyo ndiyo maana yake? Tena Mkristo aweza kuitumia? Hayo ndiyo tutakayo kuyafikiri mwezi huu.

Kwanza na tumtazame Ibrahimu. Alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa hari ya mchana. Alipowaona watu watatu, hakungoja wapige hodi, wala hakuwauliza kabila lao. Alipiga mbio kuwalaki. Aliwaahidi kipande cha mkate tu, lakini aliwaandalia mikate ya vipimo vitatu vya unga, na ndama laini, na siagi, na maziwa. Ahadi yake ilikuwa ndogo, tendo lake kubwa. Kwetu mara nyingi mambo hugeuka: maneno ya kukaribisha ni mengi, na chungu hakijatelekwa.

Hata hivyo twajua ya kuwa ukarimu una taabu yake. Wako wageni wadanganyifu, na wavivu walifanyao jina la Bwana kuwa chambo. Jambo hili si jipya. Kiko kitabu kidogo cha Kanisa la kwanza, kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wadhani kiliandikwa karibu na mwaka 100. Kwa muda wa karne nyingi hakikuonekana, hata mwaka 1873 Philotheos Bryennios, mtaalamu wa Kiyunani, alipokiona katika maktaba mjini Konstantinopoli. Akakipiga chapa mwaka 1883.

Kitabu hicho chafundisha hivi: kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe kwanza, kisha achunguzwe. Akiwa msafiri, asaidiwe kwa kadiri ya uwezo wa wenyeji, naye asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kukaa kabisa, naye ni fundi, afanye kazi na kula. Asipokuwa na ufundi, ndugu watumie akili jinsi atakavyoishi kati yao pasipo uvivu. Asipokubali, huyo amfanya Kristo kuwa biashara yake. Nao wajihadhari naye.

Tazameni jinsi mafundisho hayo yanavyokaribiana na mithali yetu! Nayo yatuonyesha mambo mawili. La kwanza, kupokea huja kabla ya kuchunguza. Sisi twapenda kumhoji mtu angali amesimama nje na vumbi miguuni; na tukiisha kuhoji, chakula kimekwisha. La pili, jembe si fimbo. Ampaye mgeni jembe hamfukuzi, bali ampa nafasi shambani mwake, wasimame pamoja katika mstari mmoja wa kulima. Lakini ampaye jembe pasipo kumwonyesha shamba, huyo amemfukuza, ijapokuwa amesema maneno mazuri.

Basi, tuseme ni miezi ya njaa, mavuno yangali mbali. Jioni mjane aja mlangoni na watoto wawili, mmoja ana homa. Katika nyumba umebaki unga wa siku moja. Huyu hawezi kushika jembe siku ya tatu, wala ya kumi. Tumwambie nini? Yakobo atuonya ya kuwa kumtakia mtu joto na shibe pasipo kumpa kitu hakufai neno. Lakini mwenye nyumba naye ana watoto.

Hapa yatupasa kukumbuka ya kuwa mzigo huu haukuwekwa juu ya nyumba moja. Mwaka 1523 Wakristo wa mji wa Leisnig, katika nchi ya Ujerumani, walipatana kuwa na sanduku moja la kuwasaidia maskini, wagonjwa, wazee na yatima. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili wa wakuu, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mji, na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, kila moja na ufunguo wake, mtu asiweze kulifungua peke yake. Martin Luther mwenyewe aliandika dibaji ya mapatano hayo. Kazi yao ilipata vizuizi vingi, maana baraza la mji halikupenda kutoa mali zilizokuwa mkononi mwake. Lakini mfano wao wafaa hata leo.

Kwa hiyo mjane yule apikiwe usiku ule kilichopo. Asubuhi mzee wa usharika na apewe habari, na nyumba nyingine zilete kibaba kwa kibaba. Mwenye nyumba asione haya kuomba msaada kwa ajili ya mgeni wake. Haya ni ya usharika uliosikia na kunyamaza.

Wala tusidhani ya kuwa kwa kibaba cha unga twanunua mbingu. Sisi wenyewe tulikuwa wageni, naye Kristo alitupokea kabla hatujawa na kitu cha kumpa. Aliyepokewa hivyo ajua kufungua mlango.

Maswali ya kufikiri pamoja:

1. Katika usharika wetu, ni nani wasioweza kushika jembe?
2. Ni nani anayejua njaa yao, na habari hupita njia gani?
3. Je, jembe tumpalo mgeni lina shamba?

Bwana atupe mioyo iliyo wazi, na milango iliyo wazi. Amin.