Uwezo wa Kiwanja cha Ndege na Ongezeko la Abiria

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu uchukuzi wa anga, usiishie kuandika kwamba ndege ina kasi. Eleza pia kiwanja kinahimili abiria wangapi, na kikijaa nani atapisha.

Maana
Uwezo wa kiwanja ni idadi ya abiria kinaoweza kuwahudumia kwa mwaka bila huduma kuzorota. Hutegemea jengo la abiria, barabara ya kurukia ndege na maegesho ya ndege. Kilicho kidogo kati ya hivyo ndicho huweka kikomo. Ifikirie stendi ya mabasi hapa Babati: hata ukiongeza vibanda vya tiketi, lango likiwa jembamba foleni itabaki.

Mfano: Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam
Jengo la Pili la Abiria lilifunguliwa mwaka 1984, likisanifiwa kwa abiria wasiofika milioni 2 kwa mwaka. Utalii na biashara vilipokua, abiria walizidi uwezo huo. Jengo la Tatu, lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, lilizinduliwa Agosti 2019.

Upanuzi ulihitaji ardhi, na jiji lilikuwa limekwisha kukizunguka kiwanja. Wakazi wa Kipawa walihamishwa, wengi baada ya kusubiri fidia kwa miaka mingi. Anayesubiri hivyo hajui ajenge au aache, naye bei za viwanja na saruji hazimsubiri.

Hesabu
6,000,000 ÷ 365 = takribani abiria 16,400 kwa siku. Huo ni wastani tu. Ndege kadhaa zikitua kwa pamoja, foleni hutokea hata kama jumla ya mwaka haijafikia kikomo.

Swali
"Kupanua kiwanja cha ndege ni faida kwa taifa na mzigo kwa jirani." Jadili.

Mwongozo wa kujibu
(a) Utangulizi: eleza maana ya uwezo wa kiwanja.
(b) Faida: watalii, ajira, usafirishaji wa maua, samaki na mbogamboga.
(c) Mzigo: kuhamishwa, kelele, msongamano barabarani.
(d) Suluhisho: kutenga ardhi mapema, kulipa fidia kamili kwa wakati, kuzuia ujenzi karibu na kiwanja.
(e) Hitimisho: toa msimamo wako.

Zingatia: Usichanganye uwezo na idadi halisi ya abiria. Uwezo hupangwa na wataalamu. Idadi halisi huhesabiwa. Tofauti kati yake ndiyo huonyesha kama upanuzi unahitajika, na mapema kiasi gani wakazi waambiwe.