Gesi, Moto na Chumba cha Mwanafunzi: Maswali Kutoka Goma

Chumba cha mwanafunzi Goma hubeba kazi za nyumba nzima. Mtu analala humo, anasoma humo, mvua ikinyesha anapikia humo, na mali yake yote imo humo. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mitaa ya Himbi, Katindo, Keshero na Ndosho hujaa vijana wanaobeba magodoro, mabidoni, mbabula (majiko ya makaa) na betri. Ni wachache wanaoulizana kitu kimoja: hiki ninachokiingiza, kikivuja au kikiwaka usiku, hewa yake itaelekea wapi? Maswali yafuatayo yametoka kwa wanafunzi. Nimeyajibu kwa kirefu pale penye hatari ya kifo.

Mwalimu, kaka yangu anayeishi Nairobi amenipa bunduki yake ya peintiboli, chupa 2 za gesi na boksi la risasi za rangi. Naweza kuviweka katika chumba ninachokaa na wenzangu 3?

Mdogo wangu, bunduki hiyo usiilete Goma kabisa. Najua ni ya mchezo, na risasi yake ni kidonge cha jelatini chenye rangi, kipenyo chake milimita 17 hivi. Lakini imetengenezwa ifanane na silaha, na mji wetu hauna nafasi ya mfano huo. Waasi wa M23 waliingia Goma Novemba 2012, wakaingia tena mwishoni mwa Januari 2025, na kati ya miaka hiyo silaha za kweli hazikukosekana mitaani. Mtu anayefungua mlango usiku akiwa na bunduki na tochi hatakupa dakika ya kueleza sheria za mchezo. Watakaoumia ni pamoja na wenzako 3 ambao hawakuombwa ruhusa. Mwambie kaka yako aihifadhi hukohuko Nairobi, ambako viwanja vya mchezo huo vipo, nawe utacheza ukienda kumsalimu.

Kwa msomaji anayekaa bweni la mji ambao mchezo huu umezoeleka, kwanza uliza uongozi wa bweni, na upate jibu kwa maandishi. Ukikubaliwa, vifaa visiingie chumbani vikiwa tayari kupigwa. Ondoa risasi zote, kisha fungua chupa ya gesi uitoe, halafu piga bunduki mara chache ukiielekeza mahali salama hadi presha iliyobaki iishe. Ziba mdomo wa mtutu kwa kizibo chake. Bunduki ikae ndani ya mfuko uliofungwa, na chupa ikae mbali nayo. Risasi hizo hutoka kwa kasi ya karibu mita 90 kwa sekunde. Zikimpata mtu jichoni bila kinyago, zinaweza kumpofusha. Kwa hiyo hata utani wa kumwelekezea mwenzako bunduki inayodhaniwa kuwa tupu ni marufuku.

Basi chupa zenyewe je? Si ni chuma tu, kama chupa ya kuzimia moto?

Chupa za mchezo huo ni za aina 2. Ya kwanza ina hewa ya ukaa iliyobanwa hadi ikawa kimiminika. Katika joto la nyuzi 20, ndani yake mna presha inayokaribia mara 60 ya hewa ya kawaida, na joto likipanda presha nayo inapanda haraka. Ndiyo sababu haijazwi hadi juu, na ndiyo sababu ina kisahani kidogo cha usalama kinachopasuka ili kutoa gesi kabla chupa yenyewe haijapasuka. Aina ya pili ina hewa ya kawaida iliyobanwa mara 200 hadi 300. Hii haina sumu, lakini shingo yake ikivunjika inaruka kwa nguvu ya kutoboa ukuta wa mbao.

Zote zisikae juani, karibu na mbabula, wala chini ya bati linalochoma mchana. Usiifungue valvu kwa spana, na usimpe fundi wa mtaani aijaze kwa kukisia. Chupa yenye mkwaruzo wa kina, kutu au alama ya kuungua imemaliza kazi yake. Hata iliyo nzima hupimwa upya kila baada ya miaka michache, kwa kawaida 5, na tarehe ya kipimo hugongwa au hubandikwa juu yake.

Chupa moja ndogo ikivuja usiku, inaweza kutudhuru kweli?

Tupige hesabu. Chupa ya kawaida ya mchezo huo ina gramu 570 hivi za hewa ya ukaa. Kwenye mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, gesi hiyo ikitoka yote inakuwa lita 350 au zaidi kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 22,500. Ikichanganyika sawasawa inafika asilimia 1.5 hivi, wakati hewa ya nje ina asilimia 0.04 tu. Kiwango hicho peke yake hakiui mtu mzima mwenye afya.

Tatizo ni kwamba haichanganyiki sawasawa. Hewa ya ukaa ni nzito mara 1.5 kuliko hewa ya kawaida, na inapotoka kwenye chupa ni baridi kali, kwa hiyo inatandaa sakafuni, palepale lilipo godoro la mwanafunzi. Ikifika asilimia 3 mtu anapumua kwa haraka na kichwa kinamuuma. Ikikaribia 10, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Watu wa Goma wanaijua gesi hii bila kuona chupa yoyote. Ndiyo iliyo katika mazuku, yale mabonde madogo ya upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo na barabara ya Sake, ambako hewa ya ukaa inatoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi huanguka humo, na watoto pia. Chumba kilicho chini ya usawa wa kiwanja, chenye dirisha moja dogo lililo juu, kinafanya kazi kama bonde hilo. Kabla ya kulipa garanti, tazama sakafu iko wapi ukilinganisha na barabara.

Nikiwasha makala (makaa) nje hadi moshi uishe, kisha nikaingiza mbabula ndani nilale na joto, kuna ubaya?

Ndiyo, na hili ndilo jibu ninaloomba msomaji alikariri kuliko yote. Moshi ukiisha, hatari haijaisha. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu anapumua. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo wengi hudhani ni malaria au uchovu wa masomo. Aliyelala hazisikii. Anapita kutoka usingizini hadi kifoni.

Gesi hii haizami sakafuni kama hewa ya ukaa. Inaenea chumba kizima. Kupandisha kitanda hakukuokoi. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Mbabula ikae nje, barazani, na irudi ndani ikiwa baridi, majivu yakiwa yamemwagiwa maji. Kwa baridi ya usiku, ongeza blanketi.

Wengi huingiza mbabula kwa sababu maharagi hayajaiva na mvua imeanza. Kwenye mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo maharagi yanachelewa. Yaloweke tangu jioni na umwage maji hayo kabla ya kupika. Utapunguza muda wa jikoni, makala na kishawishi.

Nimenunua jiko la gesi lenye chupa ya kilo 6. Naliweka chini ya kitanda ili lisiibwe.

Liondoe leo, dada yangu. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, na inawaka ikifika asilimia 2 hivi tu ya hewa ya chumba. Katika chumba tulichokipigia hesabu, chini ya kilo 1 iliyovuja na kusambaa inatosha. Chini ya kitanda inajikusanya hata kabla ya kufika hapo, na cheche ya swichi inaiwasha.

Chupa isimame wima, mahali penye upepo, karibu na mlango. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye mpira. Mapovu yakivimba, inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Funga valvu ya chupa kila umalizapo kupika. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi ya kuranti wala simu: funga valvu, fungua mlango, toka nje.

Na bidoni ya petroli ya pikipiki au ya jenereta?

Haikai mahali watu wanapolala, hata lita 1. Goma ina kumbukumbu yake: siku chache baada ya lava ya volkeno ya Nyiragongo kupita mjini tarehe 17 Januari 2002, kituo cha mafuta kililipuka wakati watu wakichota, na makumi wakafa. Nyumba zetu nyingi ni za mbao juu ya mawe ya lava, zimebanana, na kule mtaa wa Birere tumeona mara nyingi jinsi moto wa nyumba moja unavyochukua mstari mzima.

Nikimkuta mwenzangu ameanguka chumbani, nifanye nini?

Usikimbilie kuinama juu yake. Kwenye mazuku, anayekwenda kuokoa mara nyingi naye huanguka. Piga kelele upate watu, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje, ingia, mburute, toka. Ukishindwa kwa pumzi moja, toka upumue kwanza. Akiwa nje, mweke penye hewa. Kama hapumui, anza kumpa pumzi na kumkandamiza kifua ikiwa umefundishwa. Mpeleke hospitali, kama ile ya mkoa au HEAL Africa, hata akiamka na kusema amepona, na uwaambie waziwazi kilichokuwa kinawaka au kuvuja.

Wala msipime hewa kwa mshumaa. Mshumaa unaweza kuzimika penye hewa ya ukaa nyingi, lakini utaendelea kuwaka vizuri penye monoksaidi ya kaboni inayoua, na penye gesi ya kupikia utalipua chumba.

Tuko 4 katika chumba kimoja. Tuanze wapi?

Kaeni pamoja jioni moja na mkubaliane kwa majina ya vitu: petroli haiingii, mbabula yenye moto haiingii, chupa ya gesi yoyote haiingii bila wote 4 kuiona na kuikubali, na hakuna kifaa kinachofanana na silaha. Betri na paawa benki zichajiwe mchana juu ya sakafu ya saruji au jiwe, si juu ya godoro, na iliyovimba itolewe nje. Kisha mwendeeni mwenye nyumba pamoja, mumwombe tundu la hewa chini ya ukuta na jingine juu, pande zinazokabiliana. Ni kazi ya saa chache kwa fundi. Akikataa, na sakafu iko chini ya kiwanja, tafuteni chumba kingine kabla mvua kubwa hazijaanza kuwasukuma kufunga kila kitu.